Sambizanga, The Ascent au Army of Shadows: ipi ya kuonesha ukumbini?

Mwenye kutaka kuonesha filamu ya vita mbele ya watu wa Unguja hapati shida ya filamu. Za mizinga na ndege ziko tele, na wazee wetu walizikinai tangu enzi za sinema ya Majestic pale Vuga. Shida huanza akitaka zile za aina ya pili: watu wachache wanapigana kwa siri na dola iliyoikalia nchi yao, wanakamatwa, na kuanzia hapo bunduki haina kazi tena. Anabaki mtu na anayemuuliza maswali.

Ninazilinganisha tatu. The Ascent ni ya Kisovieti, ya mwaka 1977, nyeusi na nyeupe, imeongozwa na Larisa Shepitko, na ilipata Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, mwaka huohuo. Army of Shadows ni ya Kifaransa, ya mwaka 1969, ya Jean-Pierre Melville, na ni ndefu, inakaribia saa mbili na nusu. Sambizanga inahusu Angola, ya mwaka 1972, ya Sarah Maldoror, na ilichukua Tanit ya Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Carthage, Tunisia. Nitasema mapema ninakoegemea. Kwa ukumbi wenye watu wa kila namna, wanawake na wanaume, wazee na vijana, ningeonesha Sambizanga. Kwa mtu anayetazama peke yake na yuko tayari kukosa usingizi, The Ascent haina mpinzani.

Zote tatu zinazunguka jambo moja, nalo ni jina. Nani yuko nawe? Nani alikupa chakula? Nani alikulaza nyumbani kwake? Sisi watu wa visiwani tumeishi karibukaribu, nyumba kwa nyumba, na tunajua jina likitajwa mahali pasipo pake linaweza kumfikisha mwenyewe wapi. Ndiyo maana sidhani kama filamu hizi ni za mbali kwetu, hata moja ikiwa imejaa theluji.

Tuanze na hiyo ya theluji. Ni baridi ya mwaka 1942 huko Belarus, nchi imekaliwa na Wajerumani. Kundi la wapiganaji wa msituni, na ndani yake mna wanawake na watoto, limeishiwa chakula. Kila mtu anapata punje chache za nafaka kiganjani. Wawili wanatumwa vijijini kutafuta chochote. Rybak ni askari hodari, ana nguvu, anaijua njia. Sotnikov alikuwa mwalimu wa hesabu kabla ya vita, na anaumwa, kifua hakimpi nafasi. Wanakutana na doria, risasi inampata Sotnikov mguuni. Rybak amekwishatangulia mbali na angeweza kujiendea zake. Anarudi. Anamburura mwenzake kwenye theluji hatua kwa hatua, nyuso zao zimekaribiana hadi unazisikia pumzi. Iweke sehemu hii moyoni, kwani atakayekuja kusaliti ndiye huyuhuyu aliyerudi.

Wanajificha kwa Demchikha, mama wa watoto watatu, juu darini. Wenye kuwatafuta wanaingia. Sotnikov anajizuia, anajizuia, kisha anakohoa. Kwa kikohozi hicho wanachukuliwa wote, na yule mama naye, watoto wanaachwa.

Anayewahoji si Mjerumani. Ni Portnov, mtu wa hapohapo, ambaye kabla ya vita alikuwa akiongoza kwaya ya watoto. Anatoly Solonitsyn amemuigiza kwa sauti ya chini na macho ya mtu ambaye roho yake haijatulia kwa muda mrefu. Ukimtazama vizuri utaona kwamba hatafuti habari tu. Anataka Sotnikov akubali, ili na yeye apate kuamini kuwa kila mtu angefanya kama alivyofanya yeye. Sotnikov anachomwa kwa chuma cha moto kifuani na hasemi. Rybak anasema. Lakini angalia anavyosema: kidogo, yale anayodhani wanayajua tayari, ili anunue muda, ili abaki hai, ili kesho atoroke arudi msituni. Kila hatua ina hoja yake. Wewe uliyekaa kitini unamfuata, unaona hii sawa, na hii nayo sawa, na mara unamkuta chini ya mti wa kunyongea, upande wa wanaonyonga.

Kwa ukumbi wa Zanzibar hapa ndipo mazungumzo yatakapowaka, na mwenye kuonesha ajiandae. Atasimama mtu aseme: dini imemsamehe aliyelazimishwa. Atataja Surat An-Nahl, aya ya 106, na kisa cha Ammar bin Yasir, aliyetamka maneno ya kufru kwa mateso na moyo wake ukiwa umetulia katika imani. Na mwengine atamjibu kwamba mama yake Ammar, Bi Sumayya, hakutamka na akauawa. Kisha litakuja swali zito zaidi. Ruhusa ya kuyaokoa maisha yako kwa maneno ya ulimi ni jambo moja; kuyaokoa kwa kumtoa mwenzako ni jambo jingine, na mashekhe wanatufundisha kwamba kulazimishwa hakumhalalishii mtu damu ya asiye na hatia. Rybak yuko katikati ya mambo hayo mawili, na filamu inakulazimisha uione dakika anapovuka kutoka huku kwenda kule. Sijaona filamu nyingine inayoionesha dakika hiyo kwa uwazi kama huu.

Jambo la kuwaeleza watazamaji mapema: Shepitko amempiga picha Sotnikov, hasa kuelekea mwisho, kwa namna ya picha za makanisani, mwanga umemwangukia usoni, na mwanamke mmoja kijijini anamwita Rybak Yuda, yule aliyemsaliti Yesu. Hilo lisimkwaze mtu. Ni lugha ya watu wa kule ya kumzungumzia aliyekufa kwa haki, nasi tunayo ya kwetu ya kumzungumzia shahidi. Inafaa pia wajue kilichotolewa ili picha hizo zipatikane. Filamu ilipigwa karibu na mji wa Murom katika baridi ya kugandisha damu, na waigizaji walikuwa ndani ya theluji kwelikweli. Wakubwa wa sinema waliitilia mashaka. Aliyeinusuru ni Pyotr Masherov, kiongozi wa Chama cha Kikomunisti huko Belarus, ambaye mwenyewe alikuwa mpiganaji wa msituni na mama yake aliuawa na Wajerumani, aliitazama akalia. Shepitko alifariki katika ajali ya gari mwaka 1979, na hii ndiyo filamu ya mwisho aliyoikamilisha kwa mkono wake.

Sasa Army of Shadows, ambayo inaanza pale The Ascent inapoishia. Swali la Melville halikomei kwenye kama utavumilia. Anauliza: mwenzako akishindwa kuvumilia, utamfanya nini?

Melville alikuwa mmoja wa wapinzani wa siri wa Wajerumani walioikalia Ufaransa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kitabu alichokifuata kiliandikwa na Joseph Kessel mwaka 1943, vita vikiwa vinaendelea. Kwa hiyo hakuna ushujaa wa kupaka rangi. Treni hazilipuliwi. Watu wanavaa makoti, wanapanda mabasi, wanakaa vyumba vya kupanga, wanahofia kila hatua ya ngazi. Lino Ventura ni Philippe Gerbier, mhandisi mnene wa mwili na mchache wa maneno, na Simone Signoret ni Mathilde, mwanamke mwenye akili ya kupanga kuliko wanaume wote walio naye.

Kuna tukio moja ambalo nitalieleza, kwa kuwa mwenye kuandaa onesho ni lazima alijue. Kijana aitwaye Dounat amemuuza Gerbier kwa polisi. Wenzake wanamkamata, wanampeleka kwenye nyumba waliyoikodi Marseille ili wamuue. Walipanga kutumia bastola. Wanapofika wanakuta nyumba ya jirani imepata wapangaji, ukuta ni mwembamba, mlio utasikika. Basi wanaanza kushauriana. Kisu hakipo. Wafanyeje? Na wanashauriana mbele yake, kijana amekaa hapohapo kwenye kiti anasikiliza. Mmoja wao hajawahi kuua, analalamika kwamba haiwezekani, na Gerbier anamwambia kuwa hata yeye ni mara yake ya kwanza. Mwisho wanamnyonga kwa taulo. Melville haharakishi, wala haweki muziki wa kukusaidia kulia. Unabaki na sura ya yule kijana, na unaanza kujiuliza unawaunga mkono akina nani.

Swali hilohilo linarudi mwishoni kwa Mathilde, na mara hii linauma zaidi. Alionywa asitembee na picha ya binti yake. Hakuweza kuiacha. Wajerumani wanamkamata, wanaiona picha, na wanampa kuchagua: awataje wenzake, au binti apelekwe danguro la wanajeshi. Sitasema zaidi, ila ukumbi wenye akina mama usitarajie kimya. Na kuna ndugu wawili, wote wamo ndani ya harakati, wala hakuna anayejua habari za mwenzake. Usiku mmoja mdogo anampakia mkubwa mashuani kumpeleka kwenye nyambizi, na gizani hamtambui. Mtu wa pwani aliyewahi kupokea abiria usiku kwenye mashua ataielewa picha hiyo bila ya kufasiriwa.

Udhaifu wake kwa ukumbi wetu ni mmoja, nao ni mkubwa: ubaridi. Watu hawa hawalii, hawaswali, hawaimbi, hawana jamaa wa kuwapokea. Wapo kama vivuli, kama jina la filamu lilivyo. Mtazamaji wa Michenzani aliyezoea kwamba shida ya mtu ni ya mtaa mzima anaweza kuiheshimu filamu hii asiipende. Mimi naiheshimu sana. Kuipenda kulichukua muda.

Sambizanga nayo iko upande wa pili kabisa. Domingos Xavier ni dereva wa trekta kwenye kazi ya ujenzi Angola, ana mke, Maria, na mtoto mchanga. Ni mmoja wa harakati za siri dhidi ya Wareno, na mkewe hajui. Alfajiri moja polisi wanaingia, wanamtoa nje kwa vipigo, wanamtupa garini. Filamu inagawanyika hapo. Huku Domingos yuko gerezani Luanda, anapigwa ili ataje jina la rafiki yake Mzungu aliye upande wao. Huku Maria anamfunga mtoto mgongoni na kuondoka kumtafuta mumewe, kituo kwa kituo, anaambiwa hayupo, nenda kule, rudi kesho.

Utafutaji wa Maria ndio uliobeba filamu. Katika zile mbili za Ulaya mke wa aliyekamatwa hatumuoni, au tunamuona kama hatari ya kumfanya mtu avunjike. Maldoror amemweka katikati. Tunamuona akitembea barabara ndefu ya vumbi, na kila anapofika wanawake wanampokea, wanamchukua mtoto, wanampa pa kukaa. Hawamuulizi sana. Wanajua. Nani kwetu asiyeyajua mapokezi hayo? Na wakati huohuo watu wa harakati nao wanamtafuta yuleyule kwa njia yao: mvulana Zito ameona mfungwa akishushwa, anamwambia mzee Petelo, mzee anapeleka habari mbele, mpaka zinamfikia fundi cherehani Mussunda. Huo ndio mtandao wao, mtoto, mzee na fundi wa nguo, na mtu wa Ng'ambo atauona kuwa ni wa kweli kuliko mikutano ya Gerbier na makoti yake.

Domingos hasemi, na anakufa kwa vipigo. Hapa lazima niwe mkweli katika kulinganisha. Kwa suala la uchaguzi wa mtu chini ya mateso, Sambizanga haichimbi kama The Ascent. Domingos ni mwema tangu mwanzo mpaka mwisho, hatumuoni akiyumba, wala hakuna Rybak wa kututia wasiwasi na nafsi zetu. Baadhi ya mikutano ya siri inapita haraka na mtazamaji anaweza kupotea nani ni nani. Waigizaji wengi hawakuwa wa kazi hiyo. Walikuwamo wanaharakati wa ukombozi wenyewe, na mara nyingine inaonekana. Lakini kifo chake kinapofika, wafungwa wenzake wanamlilia pamoja, na uzito wa chumba hicho hauupati kwa Melville hata ukisubiri mpaka mwisho.

Historia yake nayo iko karibu nasi. Maldoror, aliyezaliwa Ufaransa kwa baba wa Guadeloupe, alisomea filamu Moscow. Mwenzi wake Mário Pinto de Andrade alikuwa miongoni mwa waasisi wa MPLA, chama cha ukombozi wa Angola, na alishiriki kuiandika filamu. Kitabu kilichotangulia ni cha Luandino Vieira, aliyefungwa na Wareno kambi ya Tarrafal, Kepuvede. Kwa vile Angola ilikuwa bado imetawaliwa, ilibidi wapigie picha Kongo Brazzaville. Ilipotoka, uhuru wa Angola ulikuwa bado miaka mitatu mbele, na Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, ng'ambo ya mkondo tu kutoka hapa. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar mwaka 1962. Wazee wa hapa wanaokumbuka habari za redio za miaka hiyo watayasikia majina kama MPLA bila ya kuhitaji maelezo, na wengine watakuwa na ya kuongeza. Filamu inaishia ukingoni mwa tarehe 4 Februari 1961, siku wapiganaji walipokwenda kuyashambulia magereza ya Luanda.

Tukija kwenye maadui, tofauti ni kubwa na inafaa kuipima kabla ya kuchagua. Melville karibu hamjali adui. Mjerumani ni buti na mlango. Maldoror anamuonesha, lakini kama mashine ya ukoloni inayopiga. Ni Shepitko peke yake aliyempa adui nafsi, na akampa ya mwenyeji, jirani, aliyekuwa akiwafundisha watoto kuimba. Kwa mjadala wa vijana wa skuli au chuo, Portnov ana thamani kuliko maadui wote wa filamu nyingine. Swali la nani anatutesa ni jepesi akiwa amevuka bahari. Likiwa linamhusu mtu wa mtaani, watu huanza kutazamana.

Mambo ya vifaa pia yanaamua. Army of Shadows ina rangi za buluu na kijivu zilizofifia, na matukio mengi ni ya usiku au vyumba vyenye giza. Kwa projekta dhaifu, kwenye uwanja ambao taa ya barabarani inapiga, hutaona kitu. The Ascent ina shida ya kinyume, theluji nyeupe inaweza kuungua ikawa weupe mtupu, hivyo punguza mwanga wa projekta na tumia kitambaa kinene. Sambizanga imejaa jua na ilisafishwa upya mwaka 2021, kwa hiyo ndiyo inayostahimili zaidi onesho la nje.

Kuhusu lugha, ukiweka mtu wa kufasiri kwa kipaza sauti, kama watu walivyozoea kwenye vibanda vya video, achague maneno. Army of Shadows ina vimya virefu na mfasiri asivijaze. Mahojiano ya Portnov na Sotnikov yatayarishwe kwa maandishi kabla, kwani neno moja likipotea, hoja yote imepotea. Sambizanga ndiyo rahisi: uso wa Maria unatosha kwa nusu ya filamu.

Watoto wasiletwe katika hata moja. Kuna kuchoma na kunyonga katika ya kwanza, kunyonga kwa taulo katika ya pili, na vipigo vya muda mrefu katika ya tatu. Army of Shadows pia ina vidonge vya sumu wanavyobeba wapiganaji ili wasije wakasema, na jambo la mtu kujitoa roho litazua maneno. Ni vizuri awepo shekhe au mwalimu anayeweza kuliongoza hilo kwa utulivu, bila ya kuufunga mjadala.

Kwa hiyo: kikundi cha akina mama, au usiku wa familia kubwa zisizo na watoto wadogo, au watu ambao ndiyo mara yao ya kwanza kutazama filamu ya namna hii, wawekee Sambizanga. Wanafunzi wa chuo na wote wanaopenda kubishana mpaka alfajiri, The Ascent, ndani ya ukumbi, milango imefungwa. Army of Shadows iwekeni kwa watu wazima waliokwisha kufanya kazi ya pamoja yenye siri na dhamana, wenye kujua maana ya kumwamini mtu na kumwogopa kwa wakati mmoja; hao ndio watakaoipata ladha yake. Anzeni baada ya Isha bila ya kuchelewa, kwa sababu ya urefu wake, na msiikate katikati kwa chai.

Mwenye nafasi ya usiku tatu aanze na Sambizanga, aweke Army of Shadows ya pili, na The Ascent aiache ya mwisho. Akiigeuza ratiba, Maria na Mathilde hawatapata haki yao, maana mtu aliyetoka kumtazama Rybak huwa bado anabishana naye kichwani wakati filamu nyingine imekwishaanza.